Moshi wa Tanuri la Badawi

Jumapili, 6 Aprili

Ndugu yangu Mzamil amekuja baada ya adhuhuri na gari la rafiki yake, amemchukua Mama. Hakukuwa na ugomvi. Ndugu yangu alisimama mlangoni na funguo mkononi, akasema daktari ameshasema, mtu wa kifua kama kile hawezi kukaa juu ya moshi, na sasa upepo wa kusi umeanza.

"Nitakaa siku ngapi?" Mama akamwuliza.

"Chache tu, Mama."

Mama akanitazama mimi, kana kwamba mimi ndiye mwenye jibu la kweli. Nikainama kumfunga viatu.

Amekwenda na mto wake, msala wake na kikopo chake cha tambuu. Kisauni si mbali, ni kuvuka daraja tu, lakini Mama hajalala nje ya nyumba hii tangu alipofiwa na Baba. Mimi nimebaki. Cherehani yangu iko hapa, wateja wangu wanaijua ngazi hii, na kwa Mzamil vyumba ni viwili na watoto ni wengi. Ndivyo tulivyoelewana.

Naandika kwa sababu tangu gari liondoke sijasema neno na mtu, na sikuzoea.

Jumatatu, 7 Aprili

Nimeshona. Moshi umeingia alfajiri, haukutoka hadi jua lilipopanda.

Alhamisi, 10 Aprili

Tanuri la Badawi liko upande wa pili wa kichochoro, chini ya dirisha la ukumbi wetu. Linaoka mikate ya boflo ya mtaa mzima tangu enzi za babake. Miezi ya kaskazi hatuna neno nalo, maana upepo huuchukua moshi ukaupeleka kwenye maghala ya nyuma. Kusi likigeuka, moshi ni wetu. Zamani ulikuwa moshi wa kuni, tena ukinukia. Siku hizi kuni ni shida, na Badawi anachoma mbao za makasha ya bandarini, milango mikuukuu yenye rangi, na vipande vya mpira vya kuwashia. Ule si moshi wa mkate. Unakaa kooni kama umelamba betri.

Leo nimekuta masizi kwenye kitambaa cheupe cha bibi arusi wa Makupa. Nimekifua, yameacha kivuli. Nimekifua tena, kivuli kimetanda.

Nimekwenda kwa Aida. Aida ni mke wa Badawi, lakini kabla ya kuwa mke wa mtu alikuwa mwenzangu wa chuo cha Kurani, tukigawana juzuu moja na mkeka mmoja. Binti yake, Swafiya, anaolewa Agosti. Tumekunywa kahawa, tumetazama vitambaa.

"Nguo ya Swafiya ni yako," ameniambia. "Usiniletee habari za fundi mwingine."

"Nitaishona wapi, Aida? Kwangu kila cheupe kinageuka kijivu. Huo moshi wenu."

Amecheka. "Moshi wa mkate huo, ni neema."

Nimecheka na mimi.

Mama amepiga simu baada ya isha. Swali lake la kwanza: "Nani amepita leo?" Maana kazi ya Mama ni dirisha. Kila apitaye humwita kwa jina, humwuliza mgonjwa wake, mwanawe, safari yake. Kwa Mzamil kuna ukuta na geti. Nimemtajia waliopita, mmoja mmoja. Wengine nimewabuni.

Jumamosi, 19 Aprili

Nimemkuta Badawi mlangoni kwake akipanga boflo vikapuni. Nimemwambia mwenyewe, kwa adabu, kwamba Mama amehama kwa ajili ya moshi. Ameshtuka kweli. Sikuona uso wa uongo.

"Bimdogo amehama, na mimi sijui? Nisamehe, shemeji. Nitatazama la kufanya."

"Watazama lini?"

"Hivi karibuni, inshallah. Kuni nazo wajua zilivyo."

Jioni ameniletea boflo mbili za moto, na salamu kwa Mama. Nimekula moja. Ni mkate mzuri. Ubaya haujawahi kuwa kwenye mkate.

Ijumaa, 25 Aprili

Mvua ya mwaka imeshika. Mbao zimerowa, moshi umekuwa mzito, haupandi. Umekaa kichochoroni kama mtu anayengoja kufunguliwa.

Jumapili, 27 Aprili

Sikuongea na mtu ila Mama kwenye simu. Amekohoa kidogo kuliko wiki jana. Amesema kwa Mzamil chakula ni kizuri. Mama akisifu chakula ujue hana la kusifu.

Jumatano, 30 Aprili

Nimeamka nikasikia mlio, nikadhani ni paka kwenye roshani. Ni kifua changu.

Zahanati nimepokewa na tabibu mgeni, anaitwa Cynthia, msichana wa bara, mpole wa mikono. Ameniwekea chombo chake mgongoni akasikiliza kwa muda.

"Unaishi wapi, mama?"

Nimemtajia kichochoro. Amekiweka chombo mezani.

"Pale kwenye tanuri," amesema. "Watoto wa kichochoro hicho nawajua kwa majina."

Amenieleza kwamba moshi wa rangi na mpira una chembe ndogo ambazo jicho halizioni. Haziishii kifuani, zinapenya hadi kwenye damu, na moyo nao unaumia. Amenipa kipampu cha kuvuta dawa, akanionyesha namna ya kukitumia. "Hiki kitakufungua," amesema, "lakini ukirudi palepale utajifunga tena."

Mzamil sijamwambia. Atanifuata na gari.

Jumatatu, 5 Mei

Bibi arusi wa Makupa amechukua kitambaa chake, amekipeleka kwingine. Hakunilaumu. Ningependa angenilaumu, tungezungumza kidogo.

Jumatatu, 12 Mei

Cynthia amekuja baada ya kazi na kisanduku cha kupima hewa. Yeye na wenzake kadhaa wanaviweka visanduku hivi katika nyumba za mjini hapa na Majengo. Amekifunga dirishani, akakubali chai, akakaa. Ameuliza habari za picha ya Baba ukutani, na za majina yaliyochongwa mlangoni. Ameondoka na magharibi. Ukumbi umekuwa mkubwa zaidi baada ya yeye kutoka.

Jumatatu, 19 Mei

Leo Cynthia amenionyesha kwenye simu yake kilichoandikwa na kisanduku. Ni mstari unaopanda na kushuka.

"Huu mlima wa alfajiri ni tanuri," amesema. "Tazama unavyopanda. Hewa hii haifai hata kwa mtu mzima mwenye afya." Kisha kidole kikasogea. "Na huu wa magharibi ni nini?"

Magharibi tanuri la Badawi huwa limelala. Nimetazama ule mlima mdogo, unarudi kila siku wakati uleule, na nimejua kabla sijataka kujua.

"Ni jiko langu. La makaa."

Hakucheka. Ameniuliza Mama alipikia nini maisha yake. Nimemwambia. Baba alipokufa, Mama alikaanga viazi vya karai na bajia, mtoto wa jirani akatembeza. Alikaanga mlango wa jikoni ukiwa umefungwa, watu wasione kwamba mke wa fulani anauza vitafunio. Mimi na Mzamil tulisoma kwa moshi ule.

"Basi kifua cha mama kimebeba mengi," Cynthia amesema.

Alipokwenda nimeingia jikoni nikakaa kwenye kibao cha mbuzi. Dari la jikoni letu ni jeusi. Nimeliona jeusi tangu utotoni, na sikuwahi kujiuliza weusi ule ulipitia wapi kabla ya kufika juu.

Jumanne, 20 Mei

Nimenunua mtungi wa gesi na jiko la meko mawili. Makaa nimempa mlinzi wa msikiti. Mimi la kwangu nimelizima. La Badawi lingali likiwaka.

Alhamisi, 22 Mei

Nimezunguka mtaani kutafuta wa kwenda nami ofisi ya mazingira. Hakuna aliyesema moshi hauna ubaya. Wote wana mtu anayekohoa.

Kamaludin, mwenye duka la kona, amenisikiliza huku akipima sukari.

"Mjukuu wangu akiamka kifua chapiga miluzi," amesema. "Sikatai. Lakini, Maisara, mke wangu alipokufa ni gari la nani lililompeleka makaburini?"

Ni gari la Badawi, lile jeupe la kusambazia mkate. Kila maiti wa mtaa huu amepanda gari lile, na Badawi hajawahi kupokea hata ahsante ya maneno, hukimbia kabla hajashukuriwa. Baba mwenyewe alibebwa na gari la babake Badawi.

"Basi tufanyeje?" nimemwuliza Kamaludin.

"Tusubiri kaskazi."

Ijumaa, 23 Mei

Nimekwenda peke yangu. Nimewaeleza, nimewaonyesha picha ya ule mstari aliyonitumia Cynthia. Wamesema watatembelea. Nilitaka wamwonye tu. Nimelisema hilo pia.

Jumatano, 28 Mei

Wamekuja leo asubuhi, maafisa kadhaa na gari la kaunti. Nimeona yote dirishani.

Badawi amewatolea viti. Wameingia, wametoka wakijipangusa macho, wameitazama dohani, bomba la kutolea moshi, ambayo ni fupi kuliko paa letu na imepasuka upande. Wametazama lundo la mbao zenye rangi. Wamezungumza naye kwa upole, na yeye amewajibu kwa upole, nikadhani yamekwisha. Kisha mmoja akabandika karatasi mlangoni. Tanuri limefungwa mpaka litengenezwe na kikaguliwe kila kitu upya.

Vijana wa unga wametoka na aproni zao. Kahindi, mchochea moto, ametoka wa mwisho na koleo begani, masizi hadi kwenye nyusi. Watu wamejaa kichochoroni. Badawi amewauliza maafisa ni nani aliyeshitaki, nao wamesema hawataji. Hapo ameinua macho akatazama dirisha letu. Sikuweza kurudi nyuma kwa haraka. Nadhani hata ningerudi ingekuwa ni jibu lilelile.

Alhamisi, 29 Mei

Hakuna moshi. Nimefungua madirisha yote, hata lile la ngazini lililokuwa limeshikana kwa rangi. Upepo umeingia hadi jikoni, umegeuza kurasa za kalenda. Nimepumua hadi mbavu zimeuma.

Nimekwenda kwa Kamaludin kununua maziwa. Amenipa, amepokea pesa akitazama mizani.

Jumapili, 1 Juni

Hodi. Nimekimbia ngazi kama mtoto. Ni Kahindi.

Sijawahi kuzungumza naye zaidi ya salamu. Ni mtu wa Kaloleni, anapanga chumba Majengo, amechochea moto wa Badawi tangu ndevu zake hazijaota. Amekataa kupanda, amekaa kwenye ngazi ya chini.

"Bi Maisara, sikuja kwa ubaya. Nataka kujua tu. Watatufungulia lini?"

"Sijui, Kahindi. Akitengeneza dohani, naamini."

"Atatengeneza na nini, na kazi imesimama?"

Amekohoa, kikohozi kirefu, kinachotoka chini kabisa. Nimemwuliza kama amewahi kwenda zahanati.

"Kifua changu ni kibovu kuliko chako," amesema. "Nakijua. Lakini kiliniuma nikiwa nimeshiba. Sasa kinaniuma nina njaa."

Alisema bila hasira, kama anayenieleza njia. Nimempa mchele na kunde, amepokea kwa mikono miwili, na nimetamani asingeshukuru.

Jumamosi, 7 Juni

Idi. Nimevaa, nimepika, nimepanga visahani ukumbini. Kila mwaka ngazi hii haipumziki. Mwaka huu nimesikia salamu zikipita chini, mlango kwa mlango, zikiruka wetu. Alasiri nimefunga biriani kwenye bakuli nimevuka daraja kwa Mama.

Jumatatu, 9 Juni

Nimemngoja Aida kwenye kona ya msikiti, kwa sababu simu zangu hapokei. Alikuwa na kikapu cha mboga. Amesimama, lakini hakukishusha.

"Ungenijia mimi kwanza," amesema.

"Nilikujia, Aida."

"Ulikuja mara moja. Ukanywa kahawa, ukasema moshi, tukacheka. Huko si kuja. Mtu akitaka kumfungia mwenzake mlango wa riziki humshika mkono akamwambia, mama yangu anakufa. Hukuniambia mama yako anakufa."

"Mume wako nilimwambia amehama."

"Ndiyo, na amekaa akiwaza, hata kulala halali vizuri. Wewe wamwona Badawi kama moshi tu." Amehamisha kikapu mkono wa pili. "Nguo ya Swafiya nimempa fundi wa Marikiti. Usishangae ukiisikia kwa watu."

Ameondoka. Nimebaki nimesimama pale kama niliyesahau nilikokuwa nakwenda.

Nimefikiri njia nzima. Ni kweli kwamba sikumshika mkono. Nilidhani anajua. Watu wa miaka mingi hudhani wanajuana bila kusema.

Jumamosi, 14 Juni

Mama amerudi. Mzamil amempandisha ngazi polepole, na kila akipumzika Mama ananusa.

"Hewa imekuwa hewa," amesema alipofika juu. Amegusa meza, amegusa cherehani, amekaa kwenye kiti chake cha dirishani na kikopo chake cha tambuu. Hakukohoa hadi adhuhuri. Nimemtazama kifua kinavyopanda na kushuka, nikasema moyoni, kwa hili.

Jumapili, 15 Juni

Mama amewaita wapitao. Wamemjibu, "Shikamoo, Bimdogo, umerudi, alhamdulillahi," na wameendelea na safari. Mama amesema labda wana haraka.

Jumanne, 17 Juni

Wana haraka bado.

Jumapili, 22 Juni

Aida amepita chini. Mama amemwita kwa sauti ile ya zamani, sauti ya kumwitia mtoto chakula. Aida amesimama. Ngazi zetu amezipanda, ameingia, amembusu Mama mkono na paji la uso, amemwuliza habari za kifua. Kwangu amesema "Salamu alaikum" akiwa anatazama ukuta. Hakukaa.

Mama amengoja hadi nyayo zikatoweka.

"Mmefanyiana nini?"

Nimemweleza. Sikuficha hata kisanduku, hata ule mlima wa magharibi. Amesikiliza huku akitazama karatasi mlangoni kwa Badawi, ambayo mvua imeichakaza.

"Kwa hivyo ni mimi," amesema. "Tanuri limefungwa kwa ajili yangu."

"Na watoto, Mama. Na mimi pia nina kifua."

"Una kifua?"

Hakuwa anajua. Nimemwonyesha kipampu. Amekishika kiganjani akakigeuzageuza, midomo ikicheza bila sauti. Kisha amenirudishia.

"Kule kwa Mzamil nilikuwa napumua vizuri," amesema. "Nikawa nahesabu misumari ya geti. Nikasema, nikirudi nyumbani nitapata watu. Sasa nimerudi, nina hewa, na watu sina. Sikulaumu, Maisara. Ningekuwa na nguvu zako labda ningefanya vilevile. Lakini nakwambia ninavyohisi, maana hakuna mwingine wa kumwambia."

Ijumaa, 27 Juni

Badawi ameuza gari jeupe. Nimemwona akipangusa kioo kwa ukingo wa kanzu kabla ya kumkabidhi mnunuzi ufunguo.

Jumanne, 1 Julai

Leo kulikuwa na msiba nyumba ya tatu kutoka kwetu. Walingoja gari la kukodi hadi alasiri ikakaribia, maiti ndani, watu wamesimama juani. Hakuna aliyenitazama. Wote hawakunitazama kwa pamoja.

Alhamisi, 10 Julai

Nimekwenda Marikiti kutafuta uzi. Katikati ya vikapu vya ndizi nimesikia, "Bi Maisara, nipishe," nikageuka. Kahindi, anasukuma mkokoteni wa viazi. Amekonda, lakini uso ni msafi. Sikuwa najua ana uso mwembamba vile chini ya masizi.

"Badawi ananunua tanuri la gesi," ameniambia huku akijifuta jasho. "Wenye unga atawaita. Mimi hapana. Gesi haichochewi."

Nimesema nitazungumza na Badawi. Amecheka kidogo.

"Wewe uzungumze na Badawi? Acha tu." Kisha amegonga kifua chake kwa ngumi, taratibu. "Lakini hiki kimetulia. Tangu zamani sijalala kwa mgongo. Sasa nalala kwa mgongo."

Nimemwomba anifuate zahanati kwa Cynthia, walau akapimwe. Amesema atakwenda akipata siku. Siku yake moja ni chakula cha siku moja, tunajua wote wawili. Mwenye viazi amemwita, amekwenda. Nimesahau kununua uzi.

Jumamosi, 12 Julai

Nimekwenda kwa Badawi hata hivyo. Alikuwa anabomoa tanuri la babake mwenyewe, kwa mkono, mwenye mtaimbo akiwa ni yeye. Nimemwambia habari ya Kahindi. Ameushusha mtaimbo.

"Wadhani sikumfikiria? Kahindi amekula nasi miaka yote hii." Hakuniita shemeji. "Sina kazi ya kumpa, Maisara. Ningekuwa nayo nisingengoja uje."

Vumbi lilikuwa limemkaa kwenye kope. Nilimjua Badawi wa boflo na Badawi wa moshi. Huyu wa leo ni mzee aliyechoka, na ni mdogo kwangu kwa umri.

Jumamosi, 19 Julai

Tanuri la gesi limewashwa. Karatasi imebanduliwa. Moshi hakuna, ni harufu ya mkate peke yake, kama nilivyoikumbuka ya utotoni.

Jumatano, 23 Julai

Watu wanasema boflo imepoteza ladha. Hata hilo ni mimi.

Cynthia amepita. Watoto wa kichochoro hawaji tena kwa wingi, mjukuu wa Kamaludin hajaonekana zahanati mwezi mzima. Amelisema kwa furaha na mimi nimefurahi kwelikweli. Kisha ameniambia anahamishiwa Kilifi. Kahindi alikwenda zahanati siku moja, amempa dawa, mapafu yake yana makovu ambayo hayatafutika. Nimemwomba anywe chai. Alikuwa na haraka, yeye haraka yake ni ya kweli.

Jumapili, 3 Agosti

Mama ameanza kushuka. Asubuhi namshika mkono hadi chini, ananiachia pale mlangoni, anavuka kichochoro peke yake na mkongojo hadi kwenye baraza ya Badawi. Wanunuzi wa mkate wanamkuta pale. Anacheka nao hadi nasikia huku juu. Jioni Aida humrudisha hadi ngazi ya chini. Huko huniita kwa jina langu tu, "Maisara", ili nije nimpokee. Hilo neno moja nalisikia kila siku.

Jumamosi, 9 Agosti

Arusi ya Swafiya.

Kadi ya mwaliko ilikuja na jina la Mama. Nilimwuliza kama atakwenda.

"Nitakwenda," amesema. "Mimi sikugombana na mtu."

Alikuwa amesema kweli, na sikuona sababu ya kuumia, nikaumia. Nimempigia pasi leso zake, nimemtia wanja, nimemfukiza udi kidogo tu, dirisha likiwa wazi. Magharibi nimemvusha hadi mlangoni kwa Aida. Ndani kulijaa wanawake, asumini, taa za rangi. Binti fulani amempokea Mama mkono. Swafiya nimemwona kwa mbali, nguo imembana mabegani. Ningemwachia nafasi pale.

Nimerudi juu. Madirisha yote yako wazi siku hizi, hakuna sababu ya kuyafunga, kwa hivyo arusi yote imeingia kwangu. Ngoma ya vugo, vigelegele, jina la bibi arusi likitiwa katika nyimbo. Nyimbo hizo nazijua zote. Nilianza kuitikia mmoja kwa sauti ndogo, nikasikia sauti yangu ukumbini, nikanyamaza.

Baada ya isha Aida ameniita kutoka chini, kama kawaida. Nimeshuka. Mama alikuwa amechoka, macho yanang'aa, na Aida alikuwa amemshikilia kwa mkono mmoja, mkono wa pili ana sahani iliyofunikwa kwa kitambaa. Ile sahani naijua, ni ya kaure yenye ukingo wa samawati, ya mamake Aida, haitolewi nje ya nyumba.

Ameninyooshea. Nimeipokea. Ilikuwa ya moto chini.

"Nguo imembana mabegani," nimesema. Sijui kwa nini ni hilo lililotoka.

"Nimeona," amesema Aida. "Siku nzima naiona."

Alikuwa anapumua kwa mdomo, na nimesikia kwenye kifua chake mlio mwembamba ninaoujua. Nilitaka kumwuliza tangu lini. Amegeuka kabla sijauliza, akavuka kichochoro, na mlangoni kwake akasimama akiwa amenipa mgongo.

"Sahani," amesema, "usimtume Mama nayo. Uirudishe mwenyewe."

Jumapili, 10 Agosti

Mama amelala hadi jua limepanda, hakukohoa. Pilau tumelila asubuhi, mimi na yeye, likiwa limepoa, na lilikuwa zuri. Sahani nimeiosha na kuipangusa. Nayo hairudishwi tupu. Tangu asubuhi niko jikoni natafuta cha kuitia.